Taratibu na Mifuko Sita ya Seli

Mara ya kwanza kukutana na Taratibu nilimtukana. Naanza na hilo makusudi, maana najua mkimwuliza yeye atakataa. Atasema, "Aa, yule mama alinisalimu vizuri tu." Mwongo! Nilimwita kobe, tena mbele za watu.

Ilikuwa kwenye korido ya hospitali, ghorofa ya pili. Mimi nimebeba nepi safi za mjukuu wangu, mbio mbio, na mbele yangu kuna mwanamke mnene mwenye koti jeupe. Ameshika sinia lenye kifuniko kwa mikono miwili, anatembea kama bibi harusi anayeingia ukumbini. Nikijaribu kulia, kajaa. Nikijaribu kushoto, kajaa.

"Dada, nipishe," nikasema.

"Pita, mama."

"Nipite wapi, na njia yote umeiziba?"

Hakugeuka hata shingo. "Basi twende wote," akasema, "taratibu."

Hapo ndipo nilipomwita kobe. Nikaongeza na mengine ambayo hayafai kuandikwa. Yeye hatua kwa hatua, mpaka akafika mlango uleule niliokuwa nakwenda mimi, akausukuma kwa kiwiko, akaingia. Muuguzi aliyekuwa ndani akanitolea macho. "Mama Cherehani," akaniambia, "unajua unamfokea nani? Huyo ndiye anayemletea mjukuu wako ini." Ulimi ukanikauka. Ilikuwa ajabu kubwa, wanaonijua wataniambia ulimi wangu haujawahi kukauka tangu nizaliwe.

Mama Cherehani ndiyo mimi. Nashona sare za shule, na kwangu kila kitu kilitakiwa jana. Marehemu mume wangu alikuwa akisema nilizaliwa miezi saba kwa sababu nilichoka kusubiri. Hasira zangu ziko mlangoni, hazina haja ya kupiga hodi. Sijisifu, nasema tu mjue mnazungumza na nani.

Mjukuu mwenyewe ana jina lake zuri, lakini mimi namwita Kifungo, maana alizaliwa mdogo na mviringo, wa kushonwa popote akapendeza. Ni mtoto wa pili wa binti yangu. Wa kwanza alikuwa mvulana. Alinyonya vizuri siku mbili, siku ya tatu akaanza kulala sana, tukafurahi kwamba ni mtoto mtulivu. Siku ya nne hakuamka. Tulimzika bila kujua kilichomchukua, na binti yangu akakaa mwaka mzima hataki kuona nguo za watoto. Kwa hiyo alipopata mimba ya pili hakumficha daktari kitu. Kifungo alipozaliwa tu, kabla hata sijamkagua vidole, walikuwa wameshachukua damu yake kwenda kuipima.

Daktari wetu tulimwita Miwani. Ana mbili, moja machoni na moja kwenye paji la uso, na kila saa anauliza kama kuna aliyeona miwani yake. Alituketisha, mimi na binti yangu na mkwe wangu ambaye ni dereva wa lori, akatueleza kwa maneno ya kawaida. Maziwa yana protini, mwili ukiitumia inabaki taka. Ini la mtu mzima wa afya linaigeuza taka hiyo ikatoka kwenye mkojo. Ini la Kifungo lilizaliwa halina kifaa kimoja cha kufanya kazi hiyo. Taka inaitwa amonia, nayo ikijaa kwenye damu inapanda kichwani, inamlaza mtoto usingizi mzito, na ikikaa juu muda mrefu inaharibu ubongo, au inaua. Baba na mama wote wawili wanabeba kasoro hiyo bila kujua, na wote wazima wa afya. Mkwe wangu akainamisha kichwa. Binti yangu akasema tu, "Kumbe ndicho kilichomchukua kaka yake."

"Basi mbadilishieni ini," nikasema. Mimi kitu kikiharibika nabadilisha.

"Tutambadilishia, mama. Lakini ana kilo tatu. Tunataka afike kumi, au akaribie hapo."

"Na mpaka afike kumi?"

Mpaka afike kumi, akasema, watamwekea seli za ini. Mtu fulani amefariki, ndugu zake wamekubali viungo vyake vitolewe, lakini ini lake halikufaa kupandikizwa zima zima. Basi maabara wakalitenganisha mpaka likawa seli mojamoja, mamilioni, wakazigandisha kwenye mifuko. Zikiyeyushwa zinapitishwa kwenye mpira mwembamba mpaka kwenye mshipa unaokwenda kwenye ini la mtoto, zinakaa humo, zinaanza kazi. "Hazimponyi," Miwani akasema, "zinamshikia zamu." Mifuko inayolingana na kundi la damu la Kifungo ilikuwa sita.

"Sita tu?"

"Sita tu, mama. Na hatujui lini tutapata mingine."

Sasa nirudi kwa Taratibu, maana habari ni yake. Jina hilo alipewa na hospitali nzima, na lake la kuzaliwa nadhani hata mshahara umelisahau. Siku ile ya kobe nilikwenda baadaye kumwomba radhi. Maabara yao ina kioo kikubwa upande wa korido, mtu anaweza kusimama akaangalia. Nilisimama niseme samahani nikajikuta nimekaa pale karibu saa nzima, mdomo wazi.

Anavaa glavu nene za kufika kiwikoni, anafungua tangi, moshi mweupe wa baridi unamwagika mpaka sakafuni. Anatoa mfuko, mdogo, kama wa kuwekea mswaki. Anauzamisha kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, na hapo, jamani, ndipo mahali pekee ambapo mwanamke yule ana haraka. Dakika mbili, basi. Saa ipo ukutani lakini haiamini, anahesabu kwa midomo huku jicho liko kwenye barafu. Ikibaki kipande cha ukubwa wa harage, anautoa. Alinieleza baadaye kwamba ile dawa inayozilinda seli kwenye baridi ndiyo hiyohiyo inayoziua zikishapata joto. Ukichelewa kidogo tu, umeharibu.

Akishautoa anarudi kuwa Taratibu. Anaongeza maji ya dawa tone kwa tone, anaziosha, anachukua tone moja analichanganya na rangi ya bluu, analiweka chini ya hadubini. Seli iliyokufa inaingiza rangi, inakuwa bluu. Iliyo hai inakataa, inabaki inang'aa. Yeye anahesabu kwa vidude viwili vya kubofya, mkono wa kulia zilizo hai, wa kushoto zilizokufa. Halafu mwenzake mmoja anahesabu upya bila kuoneshwa jibu. Wakipishana sana, wanaanza mwanzo. Katika mia, zilizo hai zisipofika sitini, mfuko hapewi mtu.

"Hata mtoto akiwa wa mkubwa gani?" nilimwuliza siku moja.

"Rangi haijui mkubwa," akanijibu.

Kisha anazijaza kwenye bomba la sindano, anazileta mwenyewe wodini. Seli zinazama chini kama sukari kwenye chai isiyokorogwa, na zikizama mtoto anapata maji matupu kwanza halafu tope. Basi mashine inasukuma polepole, na yeye amekaa pembeni analigeuza bomba, huku na huku, huku na huku, saa moja na nusu. Wengine, nasikia, wanasimama kunyoosha mgongo. Yeye, wapi!

"Dada, unabembeleza bomba au mtoto?" nikamtania.

"Vyote viwili, mama. Nalipwa kwa kimoja tu."

Mfuko wa kwanza ulikwenda vizuri. Wa pili ukaenda vizuri. Amonia ilikuwa mia tatu na kitu, ikashuka mpaka mia moja na sitini. Sikujua maana ya namba zenyewe, ila nilijua kushuka na kupanda, na zilikuwa zinashuka. Kifungo akawa anafungua jicho moja, anakuangalia kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu, analifunga. Nilicheka hadi muuguzi akaja kunionya.

Siku ya tatu akaamka na homa. Miwani alitueleza kwamba homa inaufanya mwili wa mtoto ujile wenyewe, na nyama ya mwili nayo ni protini. Saa moja asubuhi amonia ilikuwa imerudi mia mbili na tisini. Binti yangu akamgusa unyayo kwa kucha, kama wauguzi walivyomfundisha, mtoto hakuvuta mguu. Akagusa tena. Hakuvuta. Usingizi ule naujua. Niliwahi kuufurahia kwa mjukuu wa kwanza, nikasema mtoto mtulivu huyo. Miwani akaagiza mfuko wa tatu uyeyushwe palepale.

Nikashindwa kukaa. Nikatoka korido nikaenda kwenye kioo, nione wamefika wapi. Nikamkuta Taratibu amesimama. Amesimama tu! Ameinamia beseni, mikono imetulia, midomo inachezacheza. Damu ikanichemka. Mjukuu wangu anakwenda, na huyu anasema na maji! Kidoleni nilikuwa nimevaa kastabini, ile kofia ya chuma ya kuzuia sindano isikuchome. Huwa siivui, hata nikioga naikumbuka nimeshalowa. Nikagonga kioo kwa hiyo kastabini, pa pa pa pa pa! "Harakisha wewe! Mtoto anakufa huku!"

Alishtuka mwili mzima. Akageuka, akanitazama, na midomo ikaacha kucheza. Mimi ndio kwanza nikaendelea, naonesha saa, naonesha wodi, naonesha mikono juu. Sijui ilikuwa muda gani. Kisha akageukia beseni haraka, akaunyanyua mfuko, nikaona mabega yake yameshuka.

Sikuelewa kitu. Nilirudi chumbani kifua mbele. "Nimewasukuma kidogo," nikamwambia binti yangu. "Bila kusukumwa watu hawa hawafanyi kazi."

Baada ya nusu saa na ushee Taratibu akaja mikono mitupu. Akasimama mlangoni, Miwani yuko nyuma yake. "Mfuko wa tatu haufai," akasema. "Zilizo hai ni arobaini na moja katika mia. Nimeutupa."

Weee! Niliwaka. Nilisema yote, yale ya kobe na mapya. "Unatembea kama kobe, unafanya kazi kama kobe, na leo umemtupia mjukuu wangu uhai wake kwenye pipa! Mifuko sita, wewe umetupa mmoja! Mtoto wako ungemfanyia hivyo?" Watu wakatoka vyumba vya jirani kuangalia. Binti yangu akanivuta kanga, nikamtoa mkono.

Taratibu alingoja mpaka nikaishiwa pumzi. "Kosa ni langu, mama," akasema. "Niligeuza macho."

Miwani akavuta pumzi. Kwao kuna utaratibu: aliyepoteza mfuko hayeyushi mwingine mpaka jambo lichunguzwe. Yule mwenzake anayehesabu hana ruhusa ya kuyeyusha. Mwenye ruhusa mwingine alikuwa mapumzikoni, anakaa upande wa pili wa mji. Miwani akatoa simu ampigie, lakini kabla hajabonyeza akamwangalia Taratibu. "Miaka kumi na minane hujawahi kugeuza macho. Leo uligeukia nini?"

"Niligeuka tu, daktari."

Hakuniangalia. Hata kwa pembe ya jicho. Na hapo ndipo akili iliponirudia, mwenzangu, ikarudi yote kwa mkupuo. Dakika mbili. Midomo inayohesabu. Pa pa pa pa pa. Nikashika ukingo wa kitanda. Nikatazama kidole changu, kastabini ile inameta, nikaificha kwenye mkunjo wa kanga.

Na nikanyamaza. Nataka mjue hilo, nilinyamaza. Mimi ambaye hata nikiwa sina la kusema nasema. Miwani alipiga simu, nikanyamaza. Simu ikaita, nikanyamaza. Nilikuwa nafikiria watanifukuza hospitali, na binti yangu hatanisamehe maisha, na labda nikikaa kimya jambo litapita. Nikasikia Miwani akisema, "Masaa matatu? Huwezi kuwahi zaidi?" Nikamtazama Kifungo, kifua kinapanda kidogo, kinashuka kidogo. Masaa matatu kwa mtoto kama yule.

"Daktari, kata simu," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine. "Mimi ndiye niliyemgeuza. Nilimgongea kioo kwa hii." Nikaitoa kastabini nikaiweka juu ya shuka. "Nilimgongea akiwa anahesabu, na nilipoona amegeuka nikazidi kugonga."

Miwani alivua miwani zote mbili. Nilitamani sakafu ipasuke inimeze. Lakini lililoniumiza halikuwa hilo. Binti yangu alisema, "Mama," basi, neno moja, kisha akageukia ukutani. Hakunisemesha tena siku ile yote.

"Mbona hukusema?" Miwani akamwuliza Taratibu.

"Ningesema nini? Bibi mtu amechanganyikiwa, mjukuu wake haamki. Na macho ni yangu, daktari. Sikuvalishwa na yeye."

Miwani akaitazama simu mkononi, akamtazama mtoto, akaamua. "Rudi kazini. Karatasi nitaandika mimi."

"Nina sharti moja," Taratibu akasema. Nikajua ndio nafukuzwa. "Huyu mama akae mahali ambapo namwona. Nisipojua yuko wapi, nitahesabu huku nasubiri kugongewa."

Basi nikawekewa kiti korido, mbele ya kioo, muuguzi akaichukua kastabini akaitia mfukoni mwake. Mikono yangu niliikalia. Sitanii, niliikalia kabisa, kama mtoto aliyeadhibiwa darasani. Watu wanapita wananitazama, na mimi nawatazama, nani ana haya tena?

Mfuko wa nne ulipoingia kwenye maji nilihesabu naye. Yeye kwa midomo, mimi kwa midomo, kioo katikati. Sijawahi kujua dakika mbili ni ndefu namna ile. Sketi nzima naishona kwa muda mfupi kuliko ule, au nilihisi hivyo. Nilipofika mia na kumi na mbili akautoa, na mle ndani niliona kipande cha barafu, kidogo, kinaelea. Halafu tone kwa tone, halafu kuosha, halafu hadubini. Kulia, kushoto, kulia, kulia, kulia. Nilikuwa naangalia mkono wa kulia tu. Mwenzake naye akahesabu. Mwishowe Taratibu akaandika kwenye karatasi akaibandika kwenye kioo, maandishi yananielekea mimi: 79. Mwenzake kapata 77. Nililia palepale kwenye kiti, na mikono bado nimeikalia, kwa hiyo machozi yakaenda yanakotaka.

Wodini niliomba nibaki nje. Taratibu akakataa. "Aingie aniongeleshe," akasema, "saa moja na nusu ni ndefu, mkono usije ukasinzia." Binti yangu hakusema ndiyo wala hapana. Nikakaa pembeni ya bomba, na kwa kuwa sikuwa na uso wa kuzungumza yangu, nikamwuliza yake.

Alianza hospitali ile akiosha chupa za maabara. Mkubwa wa wakati huo aligundua kwamba miezi sita imepita na hakuna kilichovunjika, akasema haiwezekani, akaenda kumchungulia, akakuta anaosha chupa moja kwa muda ambao wengine wanaosha tano. Akamwambia aache chupa aje kwenye hadubini. Alisomeshwa palepale kazini, mafunzo ya miaka miwili akayamaliza kwa mitatu, akashika namba moja. Mumewe ni fundi wa saa. Saa zote za nyumbani kwao zimesogezwa mbele dakika ishirini kwa ajili yake, na yeye anajua, na anazipunguza dakika ishirini kichwani.

"Alikuposa lini?"

"Januari."

"Ukamjibu lini?"

"Agosti."

"Ala! Miezi saba ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa namwangalia," akasema, na bomba linageuka, huku na huku.

Nikacheka, ingawa sikustahili. Hata binti yangu, kule alikogeukia, nikaona bega limetikisika. Kisha nikamwuliza lililokuwa linanikaba: mtu akitupa mfuko anajisikiaje?

Hakujibu haraka, hajawahi kujibu haraka. "Aliyetoa ini hili naye alikuwa na mama yake," akasema. "Nikitupa, namfikiria huyo mama." Akaligeuza bomba. "Nikimaliza hili leo, nitamfikiria tena, ila vizuri."

Jioni amonia ilikuwa palepale, haikupanda, haikushuka. Miwani akasema seli zinahitaji muda wa kupanga vyombo vyao, wakamwongezea dawa za kushusha homa na za kutoa taka, tukaambiwa tusubiri asubuhi.

Najua mmekaa roho juu, kwa hiyo nisiwatese. Kifungo leo ana mwaka na miezi miwili na kilo nane na nusu. Ana meno manne, na yote anayajaribia kwenye bega langu. Chakula chake kinapimwa kwenye mizani, kijiko kikizidi tunaitana. Baba yake amepimwa, ameonekana anafaa kumkatia kipande cha ini lake atakapofika kilo kumi, na tangu aambiwe anatembea kama mtu aliyepandishwa cheo. Mifuko ya tano na ya sita ilikwenda bila tatizo. Mimi kila siku ya kuyeyusha nilikuwa kwenye kiti changu, na wauguzi walianza kukiita ofisi. Taratibu sasa ni shoga yangu. Jumapili anakuja kunisaidia kushona vifungo, anashona vitatu mpaka jua linakwenda kulala. Vifungo vyake havijawahi kung'oka, wateja wananiuliza nimeajiri nani.

Lakini nikikumbuka yote yale, nakumbuka asubuhi ya siku ya nne. Siku ya nne, mnaelewa. Ile aliyoondoka kaka yake baada ya kulala. Hesabu za hospitali ni za tangu matibabu yaanze, hesabu zangu zilikuwa zangu. Nilikuwa nimesimama dirishani, binti yangu amekaa kitandani, bado hatusemeshani. Taratibu alikuwa amepita kabla ya kuanza kazi, amesimama mlangoni na mkoba wake. Miwani akaingia na karatasi, akaisoma, akabadilisha miwani, akaisoma tena.

"Mia moja na kumi na nane," akasema. "Imeshuka."

Binti yangu akamgusa Kifungo unyayo kwa kucha. Mguu ukavutwa. Akagusa tena, mguu ukavutwa, na safari hii kwa hasira, na macho yote mawili yakafunguka. Taratibu akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe ana macho makubwa." Miaka kumi na minane anawahesabia watoto seli, na karibu wote huwakuta wamelala.

Miwani akaruhusu maziwa, mililita kumi na tano, zile zilizopimwa protini. Muuguzi akaleta chupa ndogo akampa binti yangu. Binti yangu akaitazama ile chupa, kisha akanyanyua uso akanitazama mimi, kwa mara ya kwanza tangu jana.

"Mama," akasema, "mnyweshe wewe."

"Mimi? Baada ya niliyoyafanya? Tazama mikono yangu inavyotetemeka."

"Mnyweshe, Mama."

Nikakaa, akaniwekea mtoto mapajani, akaniwekea chupa mkononi, na mkono wake akauacha juu ya wangu mpaka ukatulia. Kifungo akaikamata chuchu ya chupa akavuta. Nilimwacha avute anavyotaka yeye, apumzike anavyotaka yeye. Alimaliza zote, akatafuta nyingine kwa mdomo, akakosa, akakunja uso, akaachia kilio ambacho hatukuwa tumekisikia kwake tangu azaliwe. Chumba kizima kilikuwa kinamwangalia, na hakuna aliyemnyamazisha.